Kibao Kisicho na Namba

Habari ilitufikia Jumapili saa moja asubuhi. Majoho ya kwaya yalikuwa bado yananing'inia kwenye mlango wa chumba changu, kumi na mawili, yamepigwa pasi, hayana kunyanzi hata moja. Mama alikuwa nje ya jiko anasugua sufuria. Mlinzi wa klabu ya mashua alisimama mbele yake, kofia mkononi, viatu vyake vimeloa mpaka kwenye vifundo.

"Mama, naomba ukae kwanza," alisema.

"Nikikaa, sufuria atamaliza nani? Sema, baba."

"Mzee tumempata."

"Kwani alikuwa amepotea?"

Mlinzi alinitazama mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni, kisha akamtazama mama tena. "Tumempata kwenye matete, upande wa pili wa ghuba. Amekaa ndani ya boti, mkono uko kwenye mpini wa injini. Tochi yake ilikuwa bado inawaka. Lakini mwenyewe ametutoka, mama."

Mama alikaa. Hakukaa kwenye kiti, alikaa palepale kizingitini, na sufuria bado ameishika. Kaka yangu mkubwa, ambaye ni fundi wa malori, alitoka chumbani akifunga mkanda.

"Alimfuata nani huko?" aliuliza.

"Namba kumi na saba."

"Ganzi?"

"Ndiye huyohuyo. Yeye ni mzima, yuko kwake. Jana jioni upepo ulimzidi, akaiacha mashua ng'ambo, akapata gari la kumrudisha mjini, akaenda kulala. Hakumwambia mtu."

"Hakumwambia mtu," kaka alirudia, polepole, kama mtu anayehakikisha uzito wa kitu kabla ya kukirusha.

Alikuwa amemwambia mtu. Aliniambia mimi.

Mwenyekiti wa klabu ameniomba niandike maisha ya baba kwa ajili ya kitabu cha kutimiza miaka hamsini ya klabu. Alisema kurasa mbili zinatosha. Nimejaribu, hazitoshi, kwa sababu maisha ya baba hayaelezeki bila ile klabu, klabu haielezeki bila vile vibao, na vibao siwezi kuvieleza bila kueleza nilichofanya mimi. Kwa hiyo nitaeleza vyote, na mwenyekiti ataamua mwenyewe cha kuchapa.

Anayeingia klabuni kwa mara ya kwanza huona ukumbi kwanza, maana ndio wenye rangi mpya. Ukumbi una veranda inayotazama ziwa, baa ya mbao, meza sita, na ukutani vikombe vya mashindano ndani ya kabati la vioo. Nyuma yake kuna vyumba vya kubadilishia nguo, cha wanaume na cha wanawake, na bomba la nje la kuoshea miguu. Lakini klabu yenyewe iko chini, karibu na maji. Kuna banda refu la bati ambamo mashua hulazwa kwenye fito, ngazi tatu juu mpaka chini. Kuna chumba cha matanga, ambacho lazima kiwe kikavu mwaka mzima, na baba alikuwa akiwasha taa ya karabai humo wakati wa mvua ili kufukuza unyevu. Kuna winchi ya mkono ya kuvutia mashua juu, mteremko wa mawe unaoingia majini, gati ya mbao, na mlingoti wa bendera. Katikati ya haya yote, kwenye mlango wa banda, uko ubao wa vibao.

Mahali pale palikuwa gati ya kupakia mawe kabla ya kuwa klabu. Machimbo yalipofungwa, mteremko ulibaki, na nyasi zikaota juu yake. Watu watano wakaupenda. Wawili walikuwa wapima ardhi, mmoja mhandisi wa barabara, mmoja mwalimu wa hesabu, na wa tano mpiga chapa. Hawakuwa na mashua. Walikuwa na gazeti moja lenye mchoro wa mashua, limechanika ukurasa wa mwisho. Wakamwendea babu yangu, aliyekuwa seremala wa idara ya maji.

Babu alikuwa hajawahi kutengeneza mashua. Alikuwa hodari wa milango. Aliwaambia hivyo, nao wakamjibu kwamba mlango na mashua vyote ni mbao. Alifanya kazi miezi minne, jioni na siku za mapumziko, akitumia mbao za makasha ya mitambo. Siku ya kuishusha majini, mashua ilielea vizuri lakini ilikataa kugeuka. Mwalimu wa hesabu alisema, "Mzee, hii ni mlango kweli." Jina likashika. Mashua ya kwanza ya klabu iliitwa Mlango mpaka mwisho wake.

Picha ya siku ile iko ukumbini, juu ya kabati la vikombe. Waanzilishi watano wamesimama mbele ya Mlango, wanacheka. Pembeni kabisa, pale fremu inapokata, unaonekana mkono wenye msumeno na nusu ya bega. Baba alikuwa akiwaonyesha wageni: "Hawa watano mnaweza kusoma majina yao hapo chini. Huu mkono ni wa baba yangu." Alisema bila uchungu. Alikuwa anatoa taarifa tu.

Mwaka wa pili, mpiga chapa alitoka kazini siku ya Jumatano, akaegesha baiskeli yake nyuma ya banda, mahali pasipoonekana, akaitoa Mlango peke yake. Hakuna aliyejua kwamba ametoka. Nyumbani kwake walidhani yuko kiwandani, kiwandani walidhani anaumwa, na klabuni hakukuwa na mtu. Ijumaa mashua ilikutwa imepasuka kwenye miamba. Yeye mwenyewe alipatikana Jumamosi. Daktari alisema aliishi majini usiku mzima wa kwanza, ameshikilia ubao. Hilo ndilo lililowaumiza watu. Kama mtu mmoja angejua tu kwamba yuko nje, angepona.

Babu alichukua mbao zilizobaki za Mlango akakata vibao thelathini na viwili, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Upande mmoja alipaka nyeupe, upande mwingine nyekundu, na akachoma namba kwa chuma cha moto. Kila mashua iliyokuja klabuni ikapewa namba yake. Ukitoka, unageuza kibao chako upande mwekundu. Ukirudi, unakigeuza upande mweupe. Mwenye zamu haendi nyumbani mpaka ubao wote uwe mweupe. Na kuna sharti moja ambalo babu aliwaapisha nalo wale wanne waliobaki: hakuna mtu anayegeuza kibao cha mwenzake. Unageuza chako, kwa mkono wako. Kibao kikiwa cheupe, maana yake si kwamba mtu fulani amesikia umerudi. Maana yake ni kwamba wewe mwenyewe umesimama pale, na miguu yako imekanyaga mawe.

Kibao cha thelathini na tatu babu alikikata kwa ajili yake mwenyewe, na hakukichoma namba. Klabu ilimwajiri kuwa mwangalizi mwaka uleule. Alipofariki, miaka thelathini na moja iliyopita, baba alirithi kazi na kile kibao.

Baba hakuwa mtu wa kutulia. Mama alisema aliolewa na mtu asiye na makalio. Alikula akiwa amesimama dirishani, sahani mkononi, kwa sababu kutoka dirisha la jikoni unaweza kuona kipande cha ziwa kati ya paa mbili. Pazia likitikisika tu, aliweka sahani chini. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango, na Jumapili yenye upepo aliondoka katikati ya mahubiri kwa kunyata kama mwizi wa kuku. Mchungaji alizoea. Mara moja alisema madhabahuni, "Upepo ukivuma, wengine wanapoteza mabati, mimi napoteza muumini mmoja." Watu wote wakageuka, na baba alikuwa ameshafika getini.

Niliwahi kumuuliza kama haoni ni kumkosea Mungu kuondoka kanisani. Alifikiri akiwa anafunga kamba ya kiatu. "Mwanangu, mimi nasali huko nikihesabu," alisema. Sikumwelewa wakati ule.

Klabuni waliomzoea walimwita Mzee Geuza, maana hilo ndilo lililokuwa neno lake la salamu. Mtu akipanda kutoka majini amechoka, ameloa, anatetemeka, baba hakumwuliza habari za safari. Alisema, "Geuza." Siku moja mheshimiwa mmoja, mtu mkubwa serikalini, alirudi na wageni wake, akaenda moja kwa moja garini. Baba akamfuata mpaka getini.

"Mheshimiwa, kibao chako bado chekundu."

"Si umeniona nimerudi? Nigeuzie basi."

"Mkono wangu hauwezi kujua kama wewe ni mzima."

"Mzee, mimi nimesimama mbele yako."

"Ndiyo. Na ubao uko kule."

Yule mheshimiwa alirudi, viatu vyake vya ngozi vinateleza kwenye mawe, akageuza. Wafanyakazi wote walisikia kwamba baba atafukuzwa. Mwezi uliofuata mheshimiwa alileta jaketi ishirini mpya za kuokolea maisha, akamwambia baba, "Hizi hazigeuzwi, au nazo zina upande?"

Namba kumi na saba ni ya daktari wa meno. Wafanyakazi wa baa walimpa jina la Ganzi kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amepita kwenye kiti chake, na kwa sababu alikuwa na sauti ya kubembeleza iliyomfanya mtu asahau mdomo wake ulipo. Alikuwa anaishi peke yake. Yeye na baba walitaniana kwa miaka mingi. Baba alikuwa amebakiwa na meno machache, na Ganzi alisema mzee akifa ndipo atayapata yote, kwa ajili ya kumbukumbu. Baba alimjibu, "Utayafuata kaburini, na utageuza kibao kwanza."

Sasa ile Jumamosi.

Baba alikuja nyumbani mchana, akachomeka simu yake kwenye chaji, akala amesimama, akarudi kazini na kuisahau. Simu ya ofisi ya klabu ilikuwa mbovu tangu wiki iliyotangulia. Saa kumi na moja jioni simu ya baba iliita. Mimi nilikuwa napiga pasi majoho, nimefika la tano.

"Mzee Geuza?"

"Ni binti yake. Ameisahau simu nyumbani."

"Aa, mama, hujambo. Mimi ni daktari wa meno. Nimeshukia ng'ambo, upepo umekuwa mkali. Mashua nimeiacha huku, nimepata gari, narudi mjini. Mwambie baba yako kumi na saba yuko salama, kesho asubuhi nakuja kugeuza mwenyewe. Utamwambia?"

"Nitamwambia, daktari."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Kutoka kwetu mpaka klabu ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Niliweka simu mezani na kuitazama pasi. Ilikuwa ya moto vizuri, na umeme wa mtaa wetu hukatika ovyo. Nilisema nimalize hili la tano. Nikamaliza, nikasema la sita. Mwalimu wa kwaya alikuwa ametugombeza Jumapili iliyopita kwa kuvaa majoho yaliyokunjamana, na mimi ndiye mtunza majoho. Nilijua utaratibu wa vibao tangu nikiwa mdogo. Nilijua baba hafungi kabla ya saa kumi na mbili. Nikajiambia muda upo. Nilimaliza yote kumi na mawili, nikayapanga mlangoni, nikasimama kidogo kuyatazama jinsi yalivyonyooka. Siwezi kusahau kwamba nilisimama kuyatazama.

Nilifika klabuni saa kumi na mbili na nusu, giza linaanza kuingia. Mlinzi alikuwa anafungua kiti chake cha kukunja.

"Mzee katoka sasa hivi," aliniambia. "Hata dakika kumi hazijaisha. Kumi na saba bado hajarudi."

Nilikimbia mpaka mwisho wa gati. Niliisikia injini kwa mbali, inakohoa, inashika, inakohoa tena. Niliita. Upepo ulinirudishia sauti usoni. Kwenye ubao mlangoni vibao viwili vilikuwa vyekundu, cha kumi na saba, na kile kisicho na namba.

"Una shida naye?" mlinzi aliuliza.

"Nimemletea simu yake."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lote nililosema. Nilihesabu kwamba atafika ng'ambo, ataiona mashua ya daktari imevutwa mchangani, atacheka, atarudi au atalala kule kama alivyowahi kufanya. Nilimwachia mlinzi simu. Nyumbani mama aliuliza, "Umemkuta?" Nikasema, "Ametoka na boti." Mama akafunika chakula cha baba.

Hospitali walituambia ni moyo. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, huenda ulisimama alipokuwa anavuta kamba ya kuwasha injini, na kwamba jambo hilo lingeweza kumkuta hata jikoni kwetu. Alisema ili kutufariji. Kaka hakufarijika.

Jumatatu nyumba ilijaa. Viti vilitoka kwa majirani, na ndugu wa upande wa mama wakaja na magodoro yao. Mimi sikuweza kukaa. Niliosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Nilifagia uwanja mara tatu, mpaka shangazi akaninyang'anya ufagio. "Wewe umemrithi baba yako," alisema. "Kaa chini, mwanangu, mtu akupe pole yako." Kila niliposikia sauti ya kaka, nilihama chumba.

Maana kaka alikuwa na jambo moja tu mdomoni. Kila aliyeingia alisimuliwa. "Mtu ana gari, ana simu, ana elimu yake. Anamwacha mzee wa miaka sitini na nne aingie majini gizani kumtafuta, na yeye amejifunika shuka. Kwenye mazishi haji. Akija, nitamtoa mimi." Watu walitikisa vichwa. Mwalimu wa kwaya alisema wasomi ndivyo walivyo. Mimi nilibeba trei ya chai, nikarudi nayo jikoni.

Saa tisa alasiri daktari wa meno alikuja kwa miguu. Alikuwa amenyoa vibaya, ana damu kavu kidevuni. Kaka alimkuta getini.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kumpa mama pole."

"Mama amepokea za kutosha."

"Naelewa."

"Huelewi. Namba ya simu ya mzee ulikuwa nayo?"

Nilikuwa dirishani. Daktari aliinua macho, akaniona. Nilingoja.

"Nilikuwa nayo," alisema.

"Sasa?"

"Sina la kujitetea." Aligeuka, akaondoka, na kaka akabaki ameshika geti kama anayezuia lori.

Nimesali tangu utotoni, na najua tofauti kati ya kusali na kujificha. Jioni ile nilipiga magoti, na nikajua ninajificha. Nilikuwa naomba Mungu aniondolee uzito, lakini uzito wenyewe nilikuwa nimemtwisha mtu mwingine, na alikuwa ameubeba mbele ya macho yangu.

Jumanne asubuhi nilitumwa klabuni kuchukua nguo za baba zilizokuwa kwenye kabati lake. Daktari alikuwa amekaa kwenye mteremko wa mawe, karibu na winchi. Kibao cha kumi na saba kilikuwa cheupe. Alikigeuza Jumapili, mlinzi aliniambia, mbele ya watu wote, na hakuna aliyemsemesha.

"Kwa nini hukusema?" nilimuuliza.

"Kusema nini?"

"Kwamba ulipiga."

"Mama, mimi nimekuwa mwanachama miaka kumi na tisa. Baba yako alitufundisha, ukishukia mahali pengine, unapiga mpaka umsikie yeye mwenyewe. Mimi nilisikia sauti ya mtu mwingine, nikaona inatosha. Nilikuwa nimeloa, nilitaka kwenda kuoga."

"Uliniuliza kama ni sasa hivi. Nikasema sasa hivi."

"Ulisema."

"Nilikuwa napiga pasi."

Alitazama maji. "Sitasema, mama. Ukitaka kubaki nalo, baki nalo. Mimi kaka yako hanidhuru sana. Atanikosa akiumwa jino tu."

Alijaribu kutabasamu, akashindwa. Nilichukua nguo za baba, suruali mbili, sweta, na koti la mvua lililokuwa na misumari mfukoni, nikarudi nyumbani. Njia ya dakika ishirini niliimaliza kwa kumi na mbili. Nilijua nikisimama tu, sitafika.

Mama alikuwa chumbani na kaka, wanachagua shati la kumvika baba. Nilifunga mlango. Nikasema yote kama nilivyoyaandika hapa, na la tano, na la sita, na kwamba nilisimama kuyatazama.

Kaka alikuwa ameshika shati. Alilikunja, akalikunjua, akalikunja tena. "Jana nilimfukuza mtu getini," alisema, "na wewe ulikuwa dirishani."

"Nilikuwa dirishani."

Alitoka. Nilisikia geti. Hakuniambia neno jingine mpaka baada ya mazishi, na hata leo tukizungumza kuna mahali tunapazunguka.

Mama alipapasa godoro upande aliokuwa akilala baba. Kisha akauliza, "Majoho uliyamaliza?"

"Niliyamaliza, mama."

"Yako wapi?"

"Bado mlangoni. Nimeshindwa kuyagusa."

"Basi kesho mtayavaa. Hayakupigwa pasi ili yaliwe na mende." Akainuka, akachukua shati alilokunja kaka, akaligeuza kola. "Na wewe utaimba. Usije ukaniambia sauti imekauka. Nimezaa na mtu aliyekuwa anatoroka kanisani, sitaki mwingine."

Nilitaka anipige, au anikumbatie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alinipa shati nikalipige pasi.

Saa kumi mwenyekiti wa klabu alikuja na wazee wawili wa klabu. Walikaa kwenye kingo za viti. Mwenyekiti alisema kuna jambo wameshindwa kuliamua. Kibao cha mzee bado kiko upande mwekundu. Wafanyakazi wanapita pale kwa kuinama. Hakuna anayethubutu kukigeuza, kwa sababu ya sharti, na hawawezi kukiacha vile.

"Familia inasemaje?" aliuliza.

"Kileteni hapa kesho asubuhi," mama alisema.

"Na atakigeuza nani, mama?"

"Mwenyewe."

Kaka alirudi jioni. Alikuwa na daktari wa meno. Sijui walisema nini njiani, na sikuuliza. Daktari aliingia, akampa mama mkono, mama akamwonyesha kiti kilichokuwa karibu na dirisha. Shangazi alimletea chai. Kaka alikaa mbali naye, lakini chumba kilekile.

Mazishi yalikuwa Jumatano. Jeneza lililetwa nyumbani saa tatu asubuhi, likawekwa sebuleni juu ya meza mbili. Alivikwa shati lile na sweta ya kazini. Watu walipita kumwona, majirani kwanza, kisha watu wa klabu, kisha ndugu. Mlinzi alipita mara mbili.

Kabla ya kufunga, mwenyekiti alimpa mama kibao. Kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa cha tanga. Mama aliuinua mkono wa kulia wa baba, akaweka kibao chini ya kiganja, upande mwekundu ukiwa juu. Akashika vile vidole kwa mkono wake, vya baba na vyake pamoja, wakakigeuza. Haikuwa rahisi, vidole vilikuwa vimekakamaa, na kilimponyoka mara moja. Hakuna aliyemsaidia. Kilipokaa upande mweupe alikiacha hapo, juu ya kifua, na mkono juu yake. "Haya," alisema, na akarudi nyuma. Kaka akafunga kifuniko.

Ibada ilianza saa sita. Mchungaji alihubiri kwa muda mfupi. Alisema mwenzetu alikuwa mtu wa kuwahesabu watu mpaka wa mwisho arudi, na kwamba sasa amehesabiwa. Kwaya iliimba nyimbo tatu. Tulivaa majoho. Katika wimbo wa pili sauti yangu ilikatika, nikafungua mdomo bila sauti kwa ubeti mmoja, kisha ikarudi.

Jeneza lilibebwa na watu sita: kaka, binamu zetu wawili, mlinzi, mwenyekiti, na daktari wa meno. Kaka alishika mbele kushoto, daktari mbele kulia. Makaburi yako mlimani, juu kidogo ya njia ya klabu, na ziwa linaonekana. Walimshusha kwa kamba nne zilizotoka klabuni. Mama alitupa udongo kwanza, akafuata kaka, kisha mimi. Daktari alitupa wake, akasimama kidogo, akasogea kuwapisha wengine.

Kaburi lilifunikwa saa tisa kasorobo. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma, na watu kadhaa waligeuka kutazama maji. Mashua zote zilikuwa bandani siku hiyo. Mchungaji alitoa baraka, tukaweka maua, tukateremka nyumbani kwa miguu.